Jedwali lililo mwisho wa Mswada wa Fedha

Nina karakana ya useremala katika mji mdogo wa pwani ya Kenya, karakana niliyorithi kwa marehemu baba, na kwa miaka mingi nilikuwa miongoni mwa wafanyabiashara wanaoamini kwamba mambo ya kaunti huzungumzwa dirishani, siku ya kulipia leseni. Kila Januari nilipanga foleni, nikatajiwa kiasi, nikalalamika, nikalipa. Kisha ukaja mwaka ambao kiasi hicho kilipanda ghafla, kwa sababu maafisa waliopita mtaani kukagua biashara walikuwa wameitoa karakana yangu katika kundi la biashara ndogo na kuiingiza katika kundi la wastani. Kijana aliyekuwa dirishani alinisikiliza kwa adabu mpaka nikamaliza, ndipo akasema, "Mzee, mimi nasoma tu kilichoandikwa kwenye jedwali. Hapa dirishani hakuna kinachobadilika." Nilitoka pale nimekasirika, lakini usiku ule sikulala kwa swali moja: jedwali hilo liliandikwa lini, na wakati linaandikwa mimi nilikuwa wapi?

Jibu nililipata kwa kusoma. Ibara ya 210 ya Katiba ya mwaka 2010 inakataza kodi au ada yoyote ya leseni kutozwa, kusamehewa au kubadilishwa pasipo sheria, na kwa upande wa kaunti sheria hiyo ni Sheria ya Fedha inayopitishwa na Bunge la Kaunti. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 inalipa bunge hilo siku 90, tangu kupitishwa kwa sheria ya matumizi ya fedha, kuujadili na kuuidhinisha Mswada wa Fedha. Kwa kuwa mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai, ada nyingi tunazozililia Januari huwa zimekwisha kuamuliwa kati ya Julai na Septemba, katika miezi ambayo hakuna mfanyabiashara mtaani kwetu anayewaza leseni. Nimewaeleza wenzangu jambo hili mara nyingi na nitaendelea kulieleza, kwa maana hapa ndipo tunapopotezea haki yetu: tunapeleka hoja nzuri kwa mtu asiye na uwezo wa kuipokea, miezi minne baada ya wenye uwezo kufunga daftari.

Mwaka uliofuata niliutafuta Mswada wenyewe katika ofisi ya karani wa Bunge la Kaunti. Vifungu vyake ni vichache na vinasomeka kwa muda mfupi. Uzito wote umo katika jedwali la viwango lililo mwisho, kurasa kadhaa za safu na tarakimu ambazo watu wengi hawazifikii. Nilipoufikia mstari ulionihusu, nikakuta biashara ya wastani imeelezwa kuwa ni ile yenye wafanyakazi 5 hadi 20, na/au eneo la mita za mraba 50 hadi 300. Mkwaju mmoja tu kati ya "na" na "au" ndio ulionipandisha daraja. Mimi nina vijana wawili. Nilichukua futikamba nikapima: chumba cha kazi ni mita 6 kwa 7, yaani mita za mraba 42, na nyuma yake kuna uwanja usio na paa wa mita 8 kwa 9 ninapopanga mbao za mwembe na mwarobaini zikauke, kwa sababu mbao mbichi ikitiwa kazini hupinda kabla kitanda hakijamaliza mwaka. Uwanja ule hauuzi kitu wala hauingizi shilingi. Ni mahali pa kusubiri. Lakini kwa "au" ile, mita zake 72 zilijumlishwa, na fundi mwenye vijana wawili akahesabiwa sawa na mwenye duka lenye watu kumi na tano.

Nilipowaeleza majirani, kila mmoja akaja na mstari wake. Aliyenigusa zaidi ni mama anayekaanga samaki pembeni mwa soko, ambaye hana leseni ya mwaka bali hukatiwa tiketi kila siku ya kazi. Huziweka tiketi hizo katika kopo la maziwa ya unga, zimefungwa mpira mwezi kwa mwezi, nami sikupata kumuuliza kwa nini alizihifadhi kwa uangalifu kiasi kile. Tulikaa kwenye benchi ya karakana tukazihesabu. Kwa shilingi 30 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, alikuwa akilipa shilingi 780, ambazo kwa mwaka ni shilingi 9,360, kiasi kilichozidi leseni ya duka dogo lenye mlango na kufuli katika jedwali lile lile. Yeye hakuwa na hasira. "Mimi sikatai kulipa," alisema. "Nataka mtaro ulio mbele yangu uzibuliwe, maana mteja hawezi kula samaki huku ameziba pua."

Tulikuwa watu kumi na mmoja, na tulikubaliana kuandika. Niliwahi kuhudhuria vikao vya maoni ya umma nikaona yanayotokea humo: mtu husimama na kusema kodi imezidi, watu hupiga makofi, karani huandika kwamba mwananchi mmoja amelalamikia kodi, na kikao huendelea. Kamati haiwezi kurekebisha sheria kwa kutumia makofi. Waraka wetu ulikuwa wa kurasa tatu, na kila ombi lilitaja ukurasa, mstari, maneno yaliyopo, maneno tunayopendekeza na sababu. Tuliomba "na/au" iwe "na". Ikishindikana, eneo lipimwe kwa sehemu iliyoezekwa pekee. Tuliomba tiketi ya mwezi kwa wachuuzi, kwa bei ya siku 20. Tuliomba pia leseni ihesabiwe miezi kumi na miwili tangu siku ya kulipa, ili anayefungua biashara Oktoba asilipie mwaka ambao umebaki na robo yake tu. Kopo la tiketi tulikwenda nalo kwenye kikao.

Wapo walioniambia kwamba vikao hivyo ni vya kutimiza sheria tu na kwamba yote huwa yameshaamuliwa. Siwalaumu, kwa sababu mara nyingi tangazo hutolewa siku chache kabla, katika gazeti ambalo muuza mboga hanunui. Lakini mahakama zetu hazijakubali kwamba hilo linatosha. Mwezi Aprili 2014 Mahakama Kuu, chini ya Jaji George Odunga, iliibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya mwaka 2013 katika kesi iliyofikishwa na Robert Gakuru na wenzake, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Jaji alieleza kwamba bunge la kaunti linapaswa kuwafikia watu makanisani, misikitini, mahekaluni, kwenye mabaraza na redioni, na kwamba haitoshi kurusha ujumbe mtandaoni na kuwaachia wanaojali wajiokotee. Ibara ya 196 inaliagiza Bunge la Kaunti kuwezesha ushirikishwaji wa umma; ni wajibu wake, nasi tunapolikumbusha wajibu huo hatuombi hisani.

Siku ya kikao mimi nilizungumza dakika tano kuhusu mita za mraba, nikaona macho ya wajumbe yakianza kuzurura. Kisha mama akainuka, akafungua kopo, akamwaga tiketi za mwaka mzima mezani mbele ya mwenyekiti. Hakuna aliyeyatoa macho yake pale. Mjumbe mmoja aliokota fungu la mwezi mmoja, akalihesabu mwenyewe kwa sauti ya chini hadi mwisho, na maswali yaliyofuata yakawa maswali ya watu wanaotaka kujua.

Sheria ilipotoka tulikuta eneo la biashara sasa linapimwa kwa sehemu iliyoezekwa, na tiketi ya mwezi imo kwa shilingi 600. Ombi la miezi kumi na miwili halikukubaliwa, na sababu haikutolewa. Karakana yangu imerudi katika kundi dogo.

Mtaro, hata hivyo, haukuzibuliwa, na ulitufunza kwamba upo mlango mwingine ambao hatukuugonga. Mtaro hautokani na Mswada wa Fedha bali na bajeti. Mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa kufikia tarehe 1 Septemba, na makadirio ya bajeti hufikishwa bungeni kufikia tarehe 30 Aprili. Kisichoandikwa humo hakina fedha, hata kama mwakilishi wa wadi amekiahidi mbele ya soko zima. Zaidi ya hayo, kifungu cha 137 cha ile sheria ya mwaka 2012 kinaitaka kila kaunti iwe na Jukwaa la Bajeti na Uchumi, ambamo gavana ndiye mwenyekiti na ambamo wawakilishi wa watu wasio watumishi wa kaunti, wakiwamo wa biashara, wanapaswa kulingana kwa idadi na mawaziri wa kaunti. Wawakilishi hao hupendekezwa na jumuiya zao. Nilipouliza sokoni ni nani anayetuwakilisha sisi katika jukwaa hilo, hakuna aliyejua, na naliona hilo kuwa kosa letu kama lilivyo la waliotakiwa kututangazia. Mtu mmoja mmoja hawezi kumpendekeza mjumbe, na hiyo ndiyo sababu tuliyoandikishia kikundi chetu chenye katiba na muhuri, baada ya miaka ya kukutana kwenye benchi bila hata daftari la mahudhurio.

Sasa tunakutana Alhamisi baada ya Alasiri, hapo hapo karakana. Mtaro tuliupima wiki iliyopita: mita 64 kutoka lango la soko hadi barabara kuu, na umeziba sehemu tatu. Barua ya kuutaka uingizwe katika mpango wa mwaka ilipokewa na kugongwa muhuri Jumatatu, nakala yake ninayo. Jedwali la Mswada mpya pia nimekwisha kulipata, na jana usiku nilifika ukurasa wa nne, penye ada za mizani na vipimo, ambapo muuza nafaka wetu ana neno la kusema.