Bin Prokofy na Binti Ilya: nilivyoimaliza riwaya ya mto Don

"Ruka vita, fuata mapenzi ya Grigory na Aksinya." Ushauri huo ulinipotezea miezi. Tikhi Don, riwaya ya Mrusi Mikhail Sholokhov kuhusu Wakosaki (wapiganaji wapanda farasi wa Urusi) wa mto Don, iliyotoka kati ya 1928 na 1940, ina juzuu nne, na ukiruka vita hutaelewa kwa nini Grigory Melekhov yuko na Wekundu (wanamapinduzi wa Kibolsheviki) mwanzoni mwa 1918, kisha mwaka huohuo yuko na Weupe, wapinzani wao. Jibu limo mlemle vitani: Podtyolkov, kiongozi wa Wakosaki Wekundu, anaamuru maofisa waliotekwa wauawe kwa mapanga, Grigory akishuhudia. Kurasa hizo niliziruka, nikafika juzuu ya tatu nikidhani aliyepotea njia ni mwandishi.

Kwanza hakikisha kitabu ni kizima. Tafsiri ya zamani ya Kiingereza iligawanywa: And Quiet Flows the Don (1934), kisha The Don Flows Home to the Sea (1940). Chako kikiishia 1918, Podtyolkov akishanyongwa, uko nusu ya safari. Changu cha pili nilikiokota kwenye vitabu vya mitumba, bei ya chai na vitafunio.

Majina ndiyo yaliyonitoa jasho. Nilianza na daftari la kufuata alfabeti. Upuuzi mtupu! Grigory, Grisha, Grishka na Panteleevich ni mtu mmoja, nami nilimwandika mara nne. Halafu nikang'amua: mwishoni mwa jina, -vich ni bin, -vna au -ichna ni binti. Pantelei Prokofievich ni Pantelei bin Prokofy. Natalya Mironovna ni Natalya binti Miron. Na yule mama anayeitwa Ilyinichna karibu kitabu kizima ni Binti Ilya tu, kama bibi wa Mwambao aitwavyo Binti Salim mpaka wajukuu wanalisahau jina lake.

Daftari nikalitupa. Nikachukua karatasi moja, nikachora nyumba: Melekhov, jirani zao Astakhov, Korshunov wenye mali, Koshevoy mafukara, Mokhov mwenye duka, Listnitsky wa Yagodnoye. Ndoa ni mshale. Tumia penseli, maana Dunyashka, dada mdogo wa Grigory, anaolewa na Mishka Koshevoy, muuaji wa kaka yake Petro (samahani kwa ambaye hajafika hapo), na kalamu ya wino haifutiki.

Kijiji cha Tatarsky, wanakoishi akina Melekhov, usikitafute ramanini, ni cha kubuni, tafuta Vyoshenskaya. Ukilinganisha tarehe na vitabu vya historia, kumbuka kalenda ya kale ya Urusi ilikuwa nyuma kwa siku 13, hadi 1918, ambapo Januari 31 ilifuatwa na Februari 14. Stanitsa ni mji mdogo wa Wakosaki wenye vitongoji vyake, ataman ndiye mkuu wake.

Kila aliyekufa nilimkata kwa mstari. Nilipofunga juzuu ya nne, nyumba ya Melekhov ilikuwa na majina matatu: Grigory, Dunyashka na mtoto Mishatka.