Siku Moja na Mifupa ya Mkono, Darajani hadi Jozani

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilikuwa sokoni Darajani, mjini Zanzibar, kwani somo la kulinganisha maumbile ya wanyama wenye uti wa mgongo haliingii akilini kwa michoro pekee. Nilinunua vipapatio sita vya kuku na miguu miwili ya mbele ya mbuzi, na muuza nyama alipoinua shoka nikamzuia. "Si ya supu, ami. Ni ya darasani."

Hadi saa tatu nilikuwa nimeichemsha na kuikwangua.

Saa nne kipindi kilianza. Wanafunzi waliona upesi kwamba kipapatio kina mfupa mmoja wa juu na miwili sambamba chini yake, kama mkono wao, lakini kwenye ncha walidhani hapana kitu. Niliwaambia waendelee polepole kwa ncha ya kisu, na yakatokea mabaki ya vidole vitatu, kimoja kimejitenga pembeni kama gumba dogo. Kwa mbuzi walishangaa zaidi: kile tunachokiita goti la mbele ni kifundo cha mkono, na kwato zake mbili ni kucha za kidole cha tatu na cha nne. Mfupa mrefu uliopo chini ya kifundo hicho ni miwili iliyoungana, na mfuo wa maungio bado unapapasika kwa ukucha.

Msichana mmoja aliuliza, "Na samaki je, Maalim?" Swali hilo ndilo nililokuwa nikilingojea. Mwaka 2004, kaskazini kabisa mwa Kanada, yalichimbuliwa mabaki ya samaki aliyeitwa Tiktaalik, wa takribani miaka milioni 375 iliyopita, na ndani ya pezi lake mna mfupa mmoja, kisha miwili, kisha vifupa vya kifundo. Mpangilio huo ndio tulioukuta mezani, na ndio uliomo katika pezi la pomboo wa Kizimkazi na bawa la popo wa Pemba, ambaye vidole vyake vimerefuka vikatandaza ngozi.

Saa tisa tulifika msitu wa Jozani kwa daladala. Kima punju mmoja alishika tawi kwa vidole vinne. Gumba lake limepungua hata halionekani. Yule msichana alilikunja gumba lake, akajaribu kushika penseli vivyo hivyo, kisha akaanza kuuchora mkono wa kima.