Nilivyoihamisha milango yetu kutoka Google+

Oktoba 2018 tuliambiwa Google+, ule mtandao wa kijamii wa Google, itafungwa Agosti mwaka unaofuata. Desemba siku zikasogezwa hadi Aprili 2019. Hapo usingizi ukanipotea, maana jumuiya yetu ya picha za milango ya kuchonga ilikuwa na kazi ya miaka mitano ndani yake.

Kila niliyemuuliza alinijibu: "Picha si mnazo kwenye simu? Wasiwasi wa nini?" Maneno haya yananiudhi hadi leo. Utajiri wetu ulikuwa maoni yaliyo chini ya picha. Mtu anaweka mlango wa Lamu, mzee wetu aliyeko Muscat anaeleza mfaa, ule mhimili wa katikati ya mlango, ulivyochongwa, bwana mmoja wa Unguja anambishia kuhusu njumu, yale mapambo ya madini ya mlangoni, na wote wawili wanajua wanachosema. Hayo utayapata kwenye simu ya nani?

Kwanza niliwapeleka WhatsApp. Nilikosea. Kundi lilikuwa na kikomo cha watu 256 nasi tulizidi mia nne, basi nikafungua mawili. Wiki haikuisha, milango imefunikwa na maua ya "asubuhi njema", walio kundi la pili wananung'unika kuwa wametengwa, na aliyeingia leo haoni cha jana. Mzee wa Muscat akanipigia: "Mwanangu, simu imejaa, na milango siioni." Nikayafunga yote.

Telegram ndiyo iliyotufaa. Mgeni anasoma ya nyuma yote, na picha ukiituma kama faili hata alama ya patasi inaonekana. Nilishusha nilichoweza kwa Google Takeout, huduma yao ya kupakua data yako, bando nyingi ziliishia hapo, na maoni nikayanakili kwa mkono, mlango baada ya mlango, usiku mwingi.

Lakini wazee hawakutaka kuhama. Ndipo nikapata wazo ninalojivunia: kila Ijumaa niliweka Google+ nusu ya mlango tu, picha inakomea kwenye mfaa, na chini nikaandika kwamba nusu ya pili iko Telegram. Ijumaa ya kwanza walikuja kumi na kitu. Ya tatu nilishindwa kuwahesabu.

Mzee wa Muscat aliingia siku chache kabla ya kufungwa. Alitoa salamu, akamtafuta yule bwana wa Unguja, akamwandikia: "Haya, turudi kwenye zile njumu."