Shubiri ya Mama Mkwe na Sentimita za Mteja: Nilivyojifunza Kuuza Mikoba ya Ukili Mtandaoni

Hadi mwanzoni mwa mwaka 2020 mikoba yetu ilikuwa na njia moja tu ya kutoka Pemba. Mchuuzi alikuja kila baada ya wiki mbili katika shehia yetu, si mbali na mji wa Wete, akachukua mikoba, mikeka na makawa ya kufunikia chakula tuliyosuka wanawake saba wa nyumba tatu zinazopakana, akavipeleka Unguja, na huko vikauzwa kwa watalii katika maduka ya Mji Mkongwe. Mkoba tuliomuuzia kwa shilingi 8,000 niliwahi kuuona kwa macho yangu dukani ukiwa na bei ya 30,000. Sikumlaumu, kwa sababu nauli, kodi ya duka na hatari ya mzigo kukaa bila ya mnunuzi vyote vilikuwa juu yake na mwenye duka. Lakini Machi ya mwaka ule, ndege za kukodi zinazoleta watalii Zanzibar zilipositishwa kwa sababu ya korona, mchuuzi hakuja tena, na mikoba ikarundikana chumbani kwa mama mkwe wangu hadi ikafika usawa wa kitanda.

Mwanangu wa kwanza, aliyekuwa kidato cha tatu, ndiye aliyenifungulia akaunti ya Instagram. Kwa miezi mitatu niliweka picha karibu kila siku, na katika muda wote huo niliuza mkoba mmoja, tena kwa binamu yangu anayeishi Tanga. Nikizitazama picha zile leo naona sababu yake waziwazi. Nilizipiga usiku baada ya kazi za nyumbani, chini ya taa, mikoba sita ikiwa imepangwa juu ya shuka la maua, na chini yake nikaandika: "Karibuni, bei njoo inboksi." Aliyeiona picha hiyo hakuweza kujua ni mkoba upi unaouzwa, una ukubwa gani, ni wa bei gani, wala kwamba uko Pemba na bado unaweza kumfikia alipo.

Mpwa wangu, aliyekuwa akisoma chuo Unguja na akarejea nyumbani vyuo vilipofungwa, alinionesha kozi ya bure ya Google inayofundisha misingi ya masoko ya mtandaoni. Ilikuwa na moduli 26, ilikadiriwa kuchukua saa 40, na yote ilikuwa kwa Kiingereza. Kiingereza changu ni cha skuli na nimekiacha miaka mingi, kwa hiyo tukakubaliana kuwa yeye atasoma na kunieleza, na mimi nitaandika kwa Kiswahili katika daftari, kwa maneno yangu mwenyewe. Tulisoma baada ya sala ya isha kwa bando la usiku, ambalo bei yake ilikuwa nafuu, na hata aliporudi chuoni tuliendelea kwa simu mpaka tukaimaliza. Sehemu kubwa ya kozi haikutufaa. Mambo ya kujenga tovuti na kutuma barua pepe za matangazo tuliyapita haraka, kwani sijapata kumjua mtu katika wateja wetu anayefungua barua pepe ili anunue mkoba.

Kilichonifaa kilikuwa katika moduli za mwanzo, ambazo zilirudia kwa namna nyingi kwamba umjue kwanza yule unayetaka anunue, anatafuta nini, na anakitafutia wapi. Nilipojiuliza maswali hayo niliona kuwa miaka yote tulisuka kwa ajili ya mtalii tusiyemjua, na hatukuwahi hata mara moja kumfikiria mwanamke wa Dar es Salaam au wa Arusha anayetaka mkoba wa kwendea sokoni au kazini. Bara mifuko ya plastiki ilikuwa imepigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019. Wenzetu walikuwa wakitafuta cha kubebea, na sisi tulikuwa na chumba kizima cha mikoba.

Nilianza upya na picha. Niliacha kupiga usiku, nikahamia kwenye kipenu cha makuti nyuma ya nyumba, kati ya saa moja na saa mbili asubuhi, wakati mwanga unaingia kwa ubavu na kuonesha kila msuko. Mkoba mmoja kwa picha moja, juu ya ubao mkavu, na ndani yake nikatia kitu ambacho kila mtu anajua ukubwa wake, kama vile mkate wa boflo au kichane cha ndizi. Baadaye nilirekodi video fupi ya mama mkwe akitia rangi. Ukindu, yaani majani ya mkindu tunayosukia, uliokwisha kuanikwa mpaka ukawa mweupe unashuka katika sufuria inayotokota, anaugeuza kwa mwiko wa mti, na unapotoka unadondosha maji mekundu huku mvuke ukipita mbele ya uso wake. Hakuna muziki niliouongeza, unasikika moto na kuku tu. Video hiyo ya sekunde 30 ilitazamwa na watu wengi kuliko picha zangu zote za mwanzo zikijumlishwa, na wiki ile ile nilipata wateja wanne nisiowajua, ambao ndio wa kwanza wa kweli.

Wateja wale walikuja na maswali, na hapo ndipo nilipojifunza zaidi kuliko katika kozi yoyote. Niliamua kuandika kila swali ninaloulizwa, neno kwa neno, katika kurasa za nyuma za daftari lile lile. Baada ya mwezi mmoja niliyahesabu nikaona kuwa karibu yote ni maswali matatu: una ukubwa gani, rangi inachuja, na utanifikia lini. Nilikuwa nikiyajibu kila siku kwa mtu mmoja mmoja, ilhali hakuna hata moja lililojibiwa katika machapisho yangu.

Swali la ukubwa lilinisumbua kuliko nilivyotarajia. Mama mkwe hupima ukili, yaani ule mkanda wa ukindu uliosukwa, kwa pima, mikono yake miwili ikiwa imenyooshwa, na upana wa mkoba huupima kwa shubiri. Mteja wa Arusha aliniuliza sentimita. Nilichukua rula ya mwanangu nikapima mkono wa kila msukaji, na nikakuta kuwa shubiri ya mama mkwe ni sentimita 19, yangu ni 21, na ya shangazi yangu ni 20. Mkoba wa "shubiri mbili" uliotoka kwake na uliotoka kwangu ulikuwa na tofauti ya sentimita nne, na nilikuwa nimeiuza yote miwili kwa picha moja. Nilimweleza mama mkwe kwa heshima, nikiogopa asije akaona kuwa namkosoa mtu aliyenifundisha kazi. Alinyamaza kidogo, akaniambia, "Mwanangu, nikatie kijiti cha hicho anachokitaka huyo mtu wako." Tulikata vijiti saba vya sentimita 40, tukavitia alama katikati, na kila msukaji akapewa chake. Tangu siku hiyo ukubwa wa mkoba unaandikwa chini ya kila picha.

Kuhusu rangi niliona nisitoe ahadi kabla ya kujaribu. Nililoweka vipande vya kila rangi usiku kucha katika bakuli jeupe, na asubuhi nikapiga picha za maji yenyewe. Ya kijani na ya zambarau yalikuwa karibu safi, lakini yale ya nyekundu yalikuwa ya waridi. Niliweka picha zote, ikiwemo hiyo ya nyekundu, nikaandika kuwa mkoba mwekundu usibebewe nguo nyeupe unapokuwa umelowa. Mpwa wangu alihofia kuwa nitawafukuza watu. Waliokuja baada ya hapo waliniambia kuwa wamenunua kwangu kwa sababu ya picha ile, na nyekundu sasa tunaichemsha kwa muda mrefu zaidi na kuisuuza mara tatu.

Bei nilianza kuziandika hadharani, na sijarudi tena kwenye "njoo inboksi". Najua wafanyabiashara wengi wanaona kuwa kuficha bei kunawalazimisha watu kuzungumza nao. Kwa uzoefu wangu, asiye na uwezo wa kulipa shilingi 25,000 anaondoka kwa staha bila ya kuulizwa, na anayeandika huwa amekwisha kuamua.

Mazungumzo yenyewe niliyahamishia kwenye WhatsApp ya biashara, programu ya bure iliyotoka mwaka 2018, kwa kuwa ina katalogi ya bidhaa, lebo za kutofautisha aliyelipa na asiyelipa, na majibu ya haraka ambamo nimetia yale majibu matatu. Kulikuwa na jambo moja ambalo halikuwamo katika daftari langu. Nilitengeneza orodha ya matangazo ya watu 90, nikatuma picha za makawa mapya, na wakajibu 12 tu. Nilidhani wamechoka nami. Kumbe ujumbe wa orodha hiyo unamfikia yule tu ambaye amehifadhi namba yako katika simu yake. Sasa kila anayepokea mzigo namwomba ahifadhi namba yetu, na wengi wanakubali.

Tangazo la kwanza la kulipia liliniuma. Nilitoa shilingi 20,000 bila ya kuchagua mahali, na kwa siku tatu nikapata alama za kupendwa zaidi ya 400 kutoka nchi ambazo sina namna ya kupeleka hata kipepeo kimoja cha ukili. Mara ya pili nilichagua Dar es Salaam na Unguja, wanawake wa miaka 25 hadi 50, na nikaelekeza tangazo lifungue WhatsApp moja kwa moja badala ya kutafuta kupendwa. Walioandika walikuwa 17 na walionunua walikuwa sita. Tangu hapo nahesabu waliolipa, na idadi ya wafuasi siiangalii sana.

Kosa langu kubwa lilikuja tulipoanza kufanikiwa. Ramadhani ya mwaka 2022 iliangukia Aprili, katikati ya masika. Kabla ya hapo nilitangaza makawa ya kufunikia futari, na kwa wiki mbili nikapokea oda 40, na kila moja nilisema ndiyo. Mvua haikukatika. Ukindu uliokatwa haukukauka, ukashika koga, na ukili uliosukwa kwa ukindu mbichi unalegea na kuacha mianya ukishakauka. Mama mkwe alikuwa ameniambia mapema kuwa hayatawahi, nami nilikuwa nimejishughulisha na simu. Tulitoa 29, na wenye 11 niliwapigia mmoja mmoja na kuwarejeshea pesa zao zote. Wawili hawakunijibu tena mpaka leo, na nina haki gani ya kuwalaumu.

Baada ya hapo nilibandika ukutani karatasi ya kalenda ya mwaka mzima. Nimeandika juu yake miezi ya kukata na kuanika ukindu, ambayo ni ya kiangazi cha kaskazi, Disemba hadi Februari, na miezi ya masika ambayo hatutangazi kitu ambacho hakijasukwa. Kwa kuwa Ramadhani inarudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka, nimeanza kutangaza makawa mapema zaidi mwaka hadi mwaka, na ukindu wake tunauweka akiba tangu jua la msimu uliotangulia. Nimeweka pia kikomo cha mikoba 30 kwa mwezi, kwa kuwa ndicho tunachoweza wote saba bila ya mtu kuacha shamba lake wala watoto wake. Kikifikiwa, naandika kuwa oda zimejaa na nataja tarehe ya kufungua.

Usafirishaji nao ulitufunza kwa gharama. Mzigo unashuka hadi Mkoani, unavuka kwa meli hadi Unguja, kisha unavuka tena kwenda Dar es Salaam, na mwanzoni mikoba ilifika ikiwa imebonyea kwa kulaliwa na magunia. Siku hizi tunatia mdogo ndani ya mkubwa na kujaza karatasi, na mteja anapewa picha ya mzigo uliofungwa kabla haujaondoka. Malipo ni nusu kabla ya kusuka, na siamini ujumbe wa muamala mpaka nimetazama salio langu mwenyewe, kwa kuwa nimeshatumiwa wa kughushi.

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti zilizopita chini ya bahari zilipokatika na mtandao ukadorora Tanzania nzima, nilikuwa na mizigo mitano njiani. Namba za wateja zilikuwamo katika daftari, nikawatumia ujumbe mfupi wa kawaida kila mmoja. Mpwa wangu alikuwa akinishauri kwa muda mrefu nihamishie kila kitu kwenye simu, na tangu wiki ile hajanishauri tena.

Katika mkoba wa 25,000, msukaji anapata 15,000, na kinachobaki kinalipia ukindu, rangi, bando, matangazo na akiba ya kikundi. Mchuuzi wetu amerudi, na bado tunamuuzia mikeka mikubwa isiyosafirishika kwa urahisi.

Juzi jioni aliniandikia mteja wa Dodoma anayetaka mikoba 12 ya zawadi za harusi, yote ya sentimita 40, ya kijani na nyeupe, akaniuliza kama itawahi ndani ya siku kumi. Nilimsomea mama mkwe ujumbe huo kwa sauti. Aliinuka, akaenda kutazama ukindu ulioning'inia darini, akaushika kwa vidole vyake kuona ukavu wake, akarudi na kijiti chake mkononi.

"Mwambie wiki tatu."

Nikaandika wiki tatu.