Meza yangu ya PhD imeokolewa na negativu za studio

Jamani anayefanya PhD ya hizi kompyuta za kushika, zile unaziendesha kwa kusogeza vitu mezani badala ya mausi, usitishwe na mtu eti bila kamera ya mamilioni hutoboi. Mimi niliambiwa hivyo na wenye digrii zao, na kamera yangu ni ya kawaida ya Kariakoo, elfu thelathini na kitu.

Meza ni ya staili ya Reactable, ile meza ya kupigia muziki ya kule Barcelona, juu kioo, ndani ya boksi projekta na kamera, kila kipande kina alama kwa chini halafu reacTIVision, programu ya bure, inasoma kipo wapi na kimegeukia wapi. Sasa washa projekta uone. Alama zote kwishney! Kamera inaona picha ya projekta tu. Nikashauriwa niprinti alama kubwa zaidi, basi nikaprinti hadi kipande kikawa saizi ya kisosi, na meza bado inaniambia kipo, hakipo, kipo kona ile, prof amesimama pembeni anaangalia saa.

Dawa ni infraredi, mwanga ambao jicho haliuoni na projekta karibu haiutoi. Ila nyuma ya lenzi ya kamera kuna kikioo kinachoizuia, nikakibandua kwa wembe taratibu, na ukishakitoa zungusha lenzi upya maana fokasi inahama. Bado mwanga wa kawaida nao uzuiwe, filta za dukani bei yake acha tu, nikaenda kwa mzee mmoja wa studio ya zamani.

"Shikamoo mzee, naomba negativu zilizoungua."

"Zilizoungua? Chukua zote!"

Vile vipande vyeusi vya mwisho wa filamu, viwe vya rangi na vimeshasafishwa, za black and white hazipitishi. Nikakunja mara mbili mbele ya lenzi, ukichungulia ni giza tupu, ila kamera inaona mpaka vidole vyangu!

Taa za infraredi za kumulika alama zipime kwa kamera ya simu, utaona kazambarau. Zielekeze kwenye kuta za boksi (nilipaka nyeupe), ukizielekeza kwenye kioo unapata madoa katikati. Karatasi ya kutresi juu ya kioo usisahau.

Jua tu ndo limenishinda, lina infraredi kibao, dirisha likiwa wazi meza inapofuka. Washiriki wangu wa utafiti wote niliwaita usiku, na nauli ya bajaji ya kuwarudisha ilinila kuliko meza yenyewe.