Ushanga na Jicho la Mnunuzi

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na kopo la maziwa ya unga ambamo hakuhifadhi maziwa wala sukari, bali utunda wake wa ujana: nyuzi tatu za shanga ndogondogo, nyekundu na nyeupe, zilizovaliwa kiunoni chini ya kanga, asizione mtu isipokuwa mume, naye kabla ya kuziona huzisikia. Uzi ulipokatika, sisi wajukuu ndio tuliookota punje sakafuni na kuzitunga upya kwa mshipi wa kuvulia samaki, maana uzi wa pamba ulioza kwa jasho. Ukikosea punje moja, bibi alifumua yote. Tangu hapo sijashangaa kwamba Kiswahili kina kitenzi kimoja kwa shanga na kwa shairi. Vyote viwili hutungwa, na vyote viwili huharibika mizani inapopotea.

Shuleni nilisikia habari nyingine ya shanga: kwamba wazee wetu walihadaiwa, wakatoa pembe za ndovu wakapewa vigae vya kioo. Habari hiyo sijawahi kuikubali nzima.

Kwanza, ushanga haukuja na mgeni. Katika pango la Panga ya Saidi, Kilifi, umepatikana ushanga wa kombe la baharini wenye umri wa zaidi ya miaka 60,000, na huku bara maganda ya mayai ya mbuni yalikuwa yakikatwa vipande, yakatobolewa na kusuguliwa hadi yakawa mviringo, makumi ya maelfu ya miaka kabla ya jahazi lolote kutia nanga. Kilichokuja baadaye ni kioo, kutoka India, kisha kutoka Venice na Bohemia, sehemu ya Ucheki ya leo.

Pili, aliyeleta kioo hicho hakuwa na uhuru wa kuleta apendacho. Richard Burton, mpelelezi Mwingereza aliyeondoka pwani kwenda bara mwaka 1857, aliandika kwamba aina za shanga zilikaribia 400, na kwamba zile nyekundu, samisami, zilipewa majina ya utani: moja lilisema kwamba mtu angeacha chakula chake azipate, jingine kwamba wanawake wangeufilisi mji mzima kwa ajili yake. (Utani huo, nadhani, ulitungwa na wanaume.) Stanley naye, alipokuwa akijiandaa mwaka 1871 kumtafuta Livingstone, aligundua kwamba shanga nyeusi zilipokewa Ugogo na kukataliwa kwingine kote, na kwamba nyeupe zilizopendwa Ufipa zilidharauliwa Uzigua na Ukonongo. Msafara uliokosea hesabu hiyo ungeweza kulala njaa huku wapagazi wamebeba magunia ya mali kichwani. Fundi wa Venice, ambaye hakuwahi kuiona Tabora, alilazimika kuyeyusha kioo kwa rangi iliyoamuliwa na mama muuza mtama.

Sisemi kwamba biashara hiyo ilikuwa ya haki. Pembe ziliuzwa ng'ambo kwa bei kubwa mno kuliko walicholipwa waliozitoa, na misafara hiyohiyo ilirudi pwani na watumwa. Ninachokikataa ni ile picha ya mtu wa bara aliyeduwaa mbele ya kitu king'aacho. Mtu anayeduwaa hachagui.

Wamasai wanalionyesha jambo hili hadi leo. Shanga zao nyingi nzuri hutoka Ucheki, katika eneo la Jablonec, lakini hakuna anayeuita ukosi wa Kimasai kazi ya Wacheki, kwa sababu maana yake imo katika mpangilio, nao ni kazi ya wanawake. Watalii huambiwa kwamba nyeupe ni maziwa, nyekundu ni damu na buluu ni mbingu. Si uongo, ila ni sawa na kueleza shairi kwa kutaja vina vyake tu. Wanaojua hutazama rangi gani imekaa karibu na ipi, na wapi mstari umekatwa makusudi.

Mwaka jana, katika duka moja la shanga mjini Arusha, nilimkuta mama wa Kimasai akirudisha pakiti ya shanga nyeupe aliyoinunua siku hiyohiyo. Muuzaji aliapa kwamba nyeupe ni nyeupe. Mama alizimimina kiganjani, akaweka kando yake punje moja aliyoichomoa katika hereni yake, akamsogezea mkono hadi karibu na pua. Nami nilichungulia, nikaona: zile za pakiti zilikuwa na umanjano kidogo, kama jino. Muuzaji alinyamaza, akapanda ngazi kutafuta pakiti nyingine.