Nilivyohangaika na sauti ya filamu yangu ya dakika tisa

Wimbo nilikuwa nao kabla hata ya mswada. Ni taarabu ya zamani ambayo mama alikuwa akiiweka kwenye redio kaseti siku za Ijumaa akipika. Filamu yangu ya kumalizia masomo inamhusu fundi cherehani anayeshona gauni la harusi la binti ambaye hatakuja kulichukua, na niliona wazi kwamba wimbo ule ndio utakaofunga tukio la mwisho. Nikahariri tukio zima kwa kuufuata. Hapo nilijitia kitanzi mwenyewe, maana ukishakata picha kwa mapigo ya wimbo mmoja, mwingine wowote utaonekana kama kiatu cha kuazima.

Kisha nikaanza kutafuta ruhusa. Nilidhani nikimpata mwenye wimbo nimemaliza, kumbe milango ni miwili: mtunzi ana haki yake juu ya maneno na tuni, na mwenye rekodi ana ya kwake juu ya rekodi yenyewe. Mtunzi ameshafariki, warithi wametawanyika, na kaseti haioneshi nani alirekodi. Wenzangu wakanituliza: weka sekunde thelathini tu, hizo ni bure. Si kweli. Hakuna sheria kama hiyo, ni maneno tunayoambiana wanafunzi ili tulale usingizi. Darasani pengine hakuna atakayekuuliza, ila ukitaka kupeleka filamu kwenye tamasha, fomu itakuuliza.

Nikahamia kwenye muziki wa bure mtandaoni, wenye leseni za Creative Commons. Soma herufi zake vizuri. BY inataka umtaje aliyetunga, NC inakataa biashara, na ND, inayokataza kuubadilisha wimbo, hupaswi kuigusa kabisa kwa filamu, kwa sababu kuoanisha wimbo na picha kunahesabiwa kuwa ni kuubadilisha. Nilisikiliza usiku tatu. Piano za huzuni tupu, zote kama matangazo ya benki.

Wakati huohuo sauti tuliyorekodi Tandika ilikuwa inanidai. Nyumba ya pili kulikuwa na kijana mwenye spika kubwa na singeli, na singeli haina mchezo, mapigo yake yanapita mia mbili kwa dakika. Siku ya kurekodi nilijiambia itapendeza, ndiyo Dar yenyewe. Kwenye meza ya uhariri nikagundua kosa. Muziki ukiwa nyuma ya mazungumzo, kila unapokata picha nao unaruka. Mtu anaanza sentensi kwenye kiitikio na kuimaliza kwenye ubeti mwingine. Tulirudi kurekodi upya mazungumzo mawili.

"Samahani kaka, tunaomba utupunguzie kidogo," nilimwambia.

"Dakika kumi tu dada. Ya kumi na moja nawasha."

Alitimiza ahadi zote mbili.

Safari hiyo tulizima feni na friji, na nauli zetu za kurudi tukazifungia ndani ya friji ili tusiondoke bila kuiwasha tena. Ingeharibika nyama ya mama mwenye nyumba, tusingekanyaga pale tena. Tukarekodi pia dakika moja ya chumba kikiwa kimya, watu wote wamesimama bila kupumua kwa nguvu. Dakika hiyo ilinizibia mashimo mengi kwenye uhariri kuliko kitu kingine chochote.

Cherehani yenyewe niliirudia mwisho, baada ya Isha, kwa fundi aliyetuazima kibanda chake. Nilimwamkia, nikamwomba anikanyagie mashine.

"Unataka nishone nini?"

"Chochote mzee, hata bila kitambaa."

"Bila kitambaa inalia vingine, mwanangu. Lete kitambaa."

Alikuwa sahihi. Satini ilitoa mlio mwembamba, wa haraka; pindo nene liliifanya mashine ivute pumzi na kupunguza mwendo. Nilisogeza kinasa sauti karibu na sindano, kisha kwenye gurudumu, kisha sakafuni karibu na kanyagio. Nilipoziweka tatu hizo pamoja chini ya tukio la mwisho, nikafuta taarabu. Mapigo yalikuwa pale muda wote, na yanapopungua unajua mzee amechoka au amekumbuka jambo.

Muziki uliobaki ni udi wa sekunde ishirini na mbili, baada ya mashine kusimama. Alinipigia kijana mmoja wa Unguja. Tuliandikiana karatasi ya ukurasa mmoja: filamu gani, itaoneshwa wapi, malipo kiasi gani, jina lake litaandikwaje. Kwanza alinitumia kwa WhatsApp kama ujumbe wa sauti, ukaja umebanwa hadi nyuzi zinasikika kama bati. Nikamwomba atume faili la WAV, lisilobanwa, kama dokumenti, likaja salama.

Kuchanganya sauti nilifanya kwa hedfoni, jambo ambalo sitalirudia. Ukumbini udi ulitoka mkubwa kuliko filamu yenyewe, nikarudi kuushusha desibeli nne.

Fundi nilimpelekea filamu kwenye simu. Aliitazama mpaka mwisho bila kusema neno, akanirudishia simu.

"Ile mashine," akasema, "umeisikia? Inataka mafuta."